Mwanafunzi kaniambia siri nzito nikamwahidi sitasema, sasa nifanyeje?

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitoe. Mimi ni mwalimu wa hesabu, huu mwaka wangu wa nne kazini na ndo mara ya kwanza nimepewa darasa langu mwenyewe la kulisimamia, watoto arobaini na kitu wa miaka 13 na 14. Nilifurahi sana siku naambiwa, sasa hivi nikiingia darasani moyo unadunda.

Kuna binti mmoja tumwite tu S. Mwanzo wa mwaka alikuwa anakaa mbele, mkono juu kila swali, hata kama jibu halijui ananyoosha tu. Sasa kama wiki sita hivi amehamia nyuma kabisa dirishani, daftari limejaa mpaka katikati halafu kuanzia hapo kurasa nyeupe tupu, mapumziko hatoki, wenzake wakienda nje yeye anajifanya anapanga begi mpaka kengele inalia tena. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Mi nikajua ni balehe tu hiyo itapita, nikamwambia mara mbili mbele ya darasa "we changamka bwana", wenzake wakacheka, na Anti hilo linaniuma mpaka leo.

Alhamisi iliyopita nikamkuta kabaki peke yake baada ya vipindi. Nikamuuliza S vipi, akasema poa tu ticha. Sikuongeza neno, nikavuta kiti nikakaa. Akanyamaza weee, halafu akanishika mkono akasema ticha niahidi hutamwambia mtu, hasa mama. Nikaahidi. Ndo akaanza kulia na kunieleza kwamba kuna grupu la simu la darasa zima, yeye walimtoa, halafu likafunguliwa grupu lingine kwa ajili ya kumcheka yeye tu, wanaweka picha zake walizompiga bila kujua, wanarekodi sauti kuigiza anavyojibu maswali. Kayajua hayo kwa sababu kuna mmoja wao alimtumia skrinshoti kimyakimya. Mwisho akasema, "Ticha, mi naona hata nisingekuwepo hakuna ambaye angenotisi."

Anti tangu siku hiyo silali. Nikajaribu kumdokeza mkuu wa shule bila kutaja jina, nikasema tu kuna wanafunzi wana stresi, akanijibu mwalimu hapa sisi tunafundisha, kulea ni kazi ya wazazi na mitihani imekaribia. Ofisini nako mwenzangu mmoja kasema watoto wa siku hizi laini sana, sisi tulichapwa tukasimangwa na tukapona. Kaunsela hatuna, yupo mwalimu mmoja mlangoni kwake pameandikwa ushauri nasaha lakini ana vipindi vingi kuliko hata mimi na chumba chenyewe ni stoo ya vitabu.

Sasa nikivunja ahadi S hataniamini tena maishani, nikikaa kimya na akajidhuru je? Na hawa wengine, niwaadhibu darasa zima? Mimi nimesomea milinganyo na sehemu Anti, haya sikusomea.

Ticha wa hesabu

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na la haraka, mengine yatasubiri. Usingoje wiki iishe. Ukishamaliza kusoma hapa mtafute S, na kama ni usiku basi kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Ulitamke neno lenyewe. Usizunguke na "unajisikia vibaya?" au "huwazi mambo mabaya eti eeh?", maana swali la namna hiyo mtoto analisikia kama ombi la kukuambia hapana, na atakuambia hapana ili usiumie.

Najua hapo umeshtuka, wengi tumekua tukiamini kwamba ukimtajia mtoto kitu hicho ndo umempa wazo. Si kweli. Limechunguzwa kwa miaka, na Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2014 kuhusu kuzuia kujiua limeiweka imani hiyo kati ya imani potofu kabisa, kuuliza hakupandi wazo, kunampa mtu nafasi ya kupumua. "Hata nisingekuwepo hakuna ambaye angenotisi" inaweza kuwa ni uchungu wa kutengwa tu na inaweza kuwa ni zaidi ya hapo, mimi siwezi kujua kwa kusoma na wewe huwezi kujua kwa kukisia, anayejua ni yeye peke yake. Kwa hiyo unauliza.

Akisema ndiyo, au akinyamaza ile ya kuangalia chini muda mrefu, usimwache peke yake hata dakika, hata kwenda chooni awe na mtu mzima karibu. Siku hiyohiyo mzazi au mlezi aje, siku hiyohiyo aonwe na mtu wa afya, na kama huko mliko kuna namba ya msaada ya watoto ipigeni mkiwa naye. Nyumbani waambiwe vitu ambavyo anaweza kujidhuru navyo viondolewe pale anapovifikia. Akisema hapana mshukuru kwa kukujibu, halafu endelea na haya mengine bila kulegea, maana jibu la leo si lazima liwe la wiki ijayo.

Sasa ahadi. Mwanangu ile ahadi hukutakiwa kuitoa, nakwambia kwa upendo na sikulaumu, mtoto ameshika mkono wako analia nani angekataa. Ila usalama wa mtoto ni siri ambayo haiwezi kubebwa na mtu mmoja, na kwenye shule nyingi sheria yenyewe inamtaka mwalimu aseme. Kosa lingekuwa kuivunja kwa nyuma yake, yani S aje kugundua kwa kuitwa ofisini na kukuta watu wanne wanamwangalia. Hapo ndo ungempoteza kweli. Itengue ahadi hiyo mbele yake wewe mwenyewe. Sema kitu kama hiki, kwa maneno yako: "S, Alhamisi nilikuahidi kitu ambacho sina uwezo wa kukiahidi. Nakuomba radhi. Nikikaa na hili peke yangu siwezi kukulinda, kwa hiyo kuna mtu tutamwambia, ila wewe utanisaidia kuchagua nani aanze kujua, na nitakuwepo umekaa ubavuni kwangu." Atakasirika pengine. Anaweza akakununia siku tatu. Mvumilie, hasira ya mtoto aliye hai na salama inabebeka.

Na mpe uchaguzi wa kweli hapo, sio wa maneno tu. Kusema au kutosema hilo halichagui tena, lakini anaweza kuchagua nani aambiwe kwanza, aseme mwenyewe au useme wewe yeye akisikiliza, zile picha zionyeshwe zote au itoshe kuelezwa. Mtoto aliyepigwa picha bila kujua na sauti yake ikachezewa ameshanyang'anywa mamlaka juu ya mambo yake, tusije na sisi tukamnyang'anya kidogo kilichobaki kwa jina la msaada.

Halafu kuna neno moja umelipita haraka kwenye barua, mimi limenisimamisha. "Hasa mama." Kabla hujapiga simu nyumbani muulize, mama akijua unaogopa kitatokea nini? Mara nyingi sana jibu ni simu, watoto wanaficha uonevu wa mtandaoni kwa sababu wanajua mzazi akisikia tu atachukua simu, na mtoto anaona kama anaadhibiwa yeye aliyeonewa. Wengine wanaogopa kumwongezea mama mzigo. Hayo yanazungumzika, unakaa na mama kwanza unamwomba asianze na simu, aanze na kumsikiliza. Lakini kama S ataonyesha kwamba nyumbani kwenyewe si salama, kuna kupigwa au jambo lolote baya, basi hapo si mama wa kwanza kuambiwa, atafutwe ndugu mwingine anayemwamini na wahusika wa ulinzi wa watoto. Uliza kwanza, tafadhali.

Na ile "changamka bwana" mwombe msamaha. Faragha, sentensi moja mbili, usiieleze sana mpaka yeye aanze kukubembeleza wewe. Watoto wa umri huo wameombwa msamaha na watu wazima mara chache mno, wanakumbuka.

Tuje kwa hao wenzake. Adhabu ya darasa zima usithubutu. Wakiadhibiwa arobaini kwa sababu ya mmoja, jioni hiyohiyo kwenye grupu yule mmoja ndo analaumiwa, utakuwa umewapa sababu waliyokosa. Usisimame pia mbele ya darasa ukasoma zile meseji, na usije ukawaita S na wanaomcheka mkawaweka chumba kimoja mkawaambia shikaneni mikono yaishe. Hili la mwisho walimu tunalipenda, nami nalielewa kwa sababu linaonekana la amani, lakini usuluhishi ni wa watu wawili wenye nguvu sawa waliogombana. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu mashuleni kule Skandinavia miaka ya 1970, aliutofautisha uonevu na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: kuna nia ya kuumiza, unajirudia, na mmoja hana nguvu ya kujitetea mbele ya mwingine. Alichonacho S ni hicho kabisa, grupu zima kwa mtu mmoja. Akishikishwa mkono mbele yenu atatabasamu, kisha atakwenda kulipia nje.

Zihifadhiwe skrinshoti zote na tarehe zake, msizisambaze hata kwa walimu wenzako wasiohusika. Wale walioanzisha muwaite mmojammoja, wasikae wakapangiana maneno, na waambiwe kwa utulivu nini kinajulikana, kinafutwa leo, na wazazi wao wanaarifiwa. Matokeo yawepo, sisemi waachwe. Ila muulizeni kila mmoja na maisha yake yeye yakoje, maana sio mara chache anayeonea hapa anaonewa mahali pengine, na huyo naye ni mwanafunzi wako.

Lakini mwalimu nguvu zako kubwa zisiende kwa wale watatu wanne. Ziende kwa wale thelathini na zaidi ambao wamo kwenye grupu, hawaandiki kitu, wanaangalia tu, pengine wanaweka kikaragosi cha kucheka ili wasije wakawa wa pili kutolewa. Finland wameiona hii zamani, Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku waliandika 1996 kwamba karibu kila mtoto darasani ana nafasi yake kwenye uonevu, kuna anayemsaidia mwonevu, kuna anayeshangilia, kuna anayegeuza uso, kuna anayetetea, na programu yao ya kuzuia uonevu shuleni, KiVa, imejengwa juu ya kuwabadilisha hao watazamaji. Na Canada watafiti walirekodi video watoto wakiwa viwanja vya michezo vya shule, ripoti yao ya 2001 inasema mwenzao alipoingilia kumtetea anayeonewa, katika zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Wewe kutoka ofisini mpaka uwanjani hujafika bado.

Ndo maana nakuuliza, yule aliyemtumia S skrinshoti ni nani? Inawezekana alikuwa anachochea tu, wapo wa namna hiyo. Ila inawezekana ni mtoto ambaye roho ilimsuta na hakujua afanye nini kingine zaidi ya hicho. Mtafute taratibu, bila kumtaja kwa wenzake. Usimwombe awe polisi wa grupu. Mwombe jambo dogo, akae karibu na S kwenye kazi ya vikundi, mapumziko amwite "twende". Aliyetengwa hahitaji marafiki ishirini. Mmoja wa kutoka naye nje kengele ikilia anabadilisha siku nzima.

Na darasa lote uwape maneno, usiwahubirie. Waulize mtu akifanyiwa hivi mwili wake unajisikiaje, mtu aliye kwenye grupu la namna hiyo anaweza kufanya nini bila kujihatarisha, waache wajibu wao, wengine watakwambia kujitoa kimya, wengine kumtumia mhusika meseji ya "pole, niko na wewe", wengine kumwambia mtu mzima. Wanajua mengi. Hawajawahi kuulizwa tu.

Mkuu wa shule. Ulimdokeza kwa fumbo akakujibu kwa fumbo, sasa nenda na jambo lenyewe, kwa maandishi, lenye tarehe, umesikia nini, umeona nini, umefanya nini, unaomba nini. Jina la mtoto sasa lazima liwepo, huo si umbea ni usalama wake, na ukishamwandikia yeye naye amebeba. Akirudia habari ya mitihani, mjibu kwa mitihani. Mwaka 2011 mtafiti Durlak na wenzake walikusanya matokeo ya programu 213 za kufundisha watoto stadi za kihisia na kijamii shuleni, yani kuzitambua hisia zao, kujituliza, kusoma hali ya mwenzake, kuishi na watu, kufanya maamuzi, wanafunzi zaidi ya 270,000 kwa jumla. Waliofundishwa hayo walipanda kimasomo pia, kwa kadirio la nafasi 11 kati ya mia ukilinganisha na wenzao ambao hawakufundishwa. Mtoto anayesikiliza kama nyuma yake wanacheka hawezi kukusikiliza wewe na sehemu zako, akili ni moja hiyohiyo. Daftari la S limekuonyesha, nusu limejaa nusu jeupe.

Na huyo mwenzako wa "tulichapwa tukapona" usibishane naye ofisini, utachoka bure. Ila ujue anawahesabu waliofika. Walioacha shule, waliojifungia ndani miaka, ambao hatunao tena, hawamo ofisini humo kumjibu.

Yule mwalimu wa stoo ya vitabu ndo mtu wako. Ana kazi nyingi sawa, na wewe unazo, nendeni wawili kwa mkuu mkaombe japo vipindi viwili kwa wiki vya mtu kukaa hapo mlango ukiwa wazi na wanafunzi wakijua siku na saa. Mtoto hawezi kutafuta msaada ambao hajui upo wapi na saa ngapi.

Umesema haya hukusomea. Mwanangu, tiba hukusomea na usiifanye, hiyo waachie wenyewe. Ila kule Hawaii, kisiwa cha Kauai, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955, wakawafuata mpaka ukubwani. Wengine walizaliwa kwenye shida juu ya shida, umaskini, ugomvi nyumbani, wazazi wagonjwa, na bado kama theluthi ya hao wakawa watu wazima wazima kweli, wenye kazi na upendo. Walipotazamwa nini kiliwasaidia, kimojawapo kilikuwa kwamba mahali fulani palikuwa na mtu mzima mmoja asiyeyumba aliyewajali, na kwa wengi mtu huyo alikuwa mwalimu. Alhamisi wewe ulivuta kiti ukakaa ukanyamaza. Nani alikufundisha hilo? Wenye digrii za saikolojia wapo ambao bado linawashinda.

Kwa hiyo fanya vinavyowezekana kila siku. Simama mlangoni wanapoingia, taja jina la kila mmoja, mwangalie uso. Marekani walilijaribu jambo hilohilo kwenye madarasa 10 ya watoto wa umri wa wako, utafiti wa 2018, muda wa wanafunzi kuzama kwenye somo ukapanda kwa pointi 20 za asilimia na fujo zikashuka kwa 9. Wewe litakusaidia na zaidi, ukiwaangalia kila asubuhi utaona ni nani uso wake umebadilika wiki ya kwanza badala ya wiki ya sita. S mwenyewe mpe dakika mbili kila siku kwa siku kumi, mazungumzo yasiyo ya masomo wala ya grupu, anachopenda, anachochora, chochote, na mkiweza mwe mnatembea, watoto wa umri huo ni wepesi kusema bega kwa bega kuliko uso kwa uso.

Na wewe ulale. Tafuta mtu mmoja wa kumwelezea unavyojisikia, bila jina la mtoto, hata kama ni mimi hapa.

Zile kurasa nyeupe usimdai anakili noti zote za wiki sita, ataliona daftari kama mlima na atalifunga. Kaeni mfanye ukurasa mmoja, mbele kabisa pale alipokuwa anakaa, kesho mwingine. Akinyoosha mkono tena hata kwa jibu lisilo sahihi, niandikie.

Anti